AKILI INA DIYA
Mshtuko wa kazini katika fiqhi, katika historia na katika sheria yetu ya fidia

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Muislamu, tuanze na mas'ala. Kijana anafanya kazi ya uvuvi wa dagaa katika mwalo wa Kisorya, huko Mwibara, wilaya ya Bunda. Usiku mmoja upepo unapiga, mtumbwi unapinduka, na wenzake wawili wanazama akiwatazama. Yeye anaokolewa. Mkono wake mzima, mguu wake mzima, hana hata mchubuko. Lakini tangu siku hiyo halali usingizi. Akisikia mawimbi anatetemeka. Hawezi kuingia majini, na wakati mwingine anazungumza maneno yasiyoeleweka. Tajiri wa mtumbwi anasema: "Huyu hana jeraha, amekuwa mvivu." Jirani anasema: "Ana jini." Mke wake anabaki na watoto bila ya posho.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Kijana huyo huyo amekatwa kiganja na panka la injini. Hapo hakuna atakayemwita mvivu. Watu watachanga, na aliyeajiriwa kwa mkataba ataambiwa akadai fidia yake.

Swali letu ni hili: je, tofauti hii tunayoiweka baina ya mkono na akili ina asili katika dini yetu? Jawabu la mafakihi ni kuwa haina. Bali kwa hesabu ya diya, akili imewekewa thamani kubwa kuliko mkono.

NENO MOJA, MAANA TATU

Katika Kiarabu, mzizi wa neno 'aql una maana ya kufunga au kuzuia. Akili imeitwa hivyo kwa kuwa humfunga mtu asiende ovyo. Diya nayo huitwa 'aql, kwa sababu ngamia wa diya walikuwa wakiletwa na kufungwa kwenye uwanja wa jamaa wa aliyeuawa. Na kundi la watu wanaoshirikiana kuilipa linaitwa 'aqila. Hivyo akili, fidia na wenye kubeba fidia ni watoto wa mzizi mmoja. Tutawahitaji wote watatu katika maelezo yetu.

Asili ya diya iko katika Qur'an, Surat an-Nisaa (4:92), katika hukumu ya kuua kwa makosa. Sunna ikafafanua viwango. Diya kamili ya nafsi ni ngamia mia moja. Mkono mmoja una nusu yake, yaani ngamia hamsini. Ama akili ikiondoka yote, ina diya kamili. Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 H/1223), katika kitabu chake al-Mughni, anasema kuwa hajui khilafu yoyote katika jambo hili. Baadhi ya mafakihi wameinasibisha hukumu hii na barua ambayo Mtume (s.a.w.) alimwandikia 'Amr bin Hazm alipompeleka Yemen, na wataalamu wa hadithi wameijadili nisba hiyo. Lakini hukumu yenyewe imesimama pia juu ya kauli za Maswahaba na makubaliano ya wanazuoni.

HUKUMU MBILI ZA ZAMA ZA UMAR (R.A.)

Katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (13–23 H) zimepokewa kesi mbili ambazo kila mwenye kujadili suala hili anapaswa kuzijua.

Ya kwanza imo katika Musannaf ya Abdur-Razzaq na ya Ibn Abi Shayba. Mtu mmoja alipigwa jiwe kichwani. Hakufa, lakini akapoteza usikivu, usemi, akili na nguvu za kiume. Umar (r.a.) akahukumu alipwe diya nne, naye yu hai. Zingatia hapa: akili ilihesabiwa peke yake, kama usikivu ulivyohesabiwa peke yake. Haikumezwa ndani ya jeraha la kichwa.

Ya pili ndiyo nzito zaidi kwa mas'ala yetu, kwa sababu ndani yake hapakuwa na jiwe wala fimbo. Umar alimwita mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa safarini, baada ya kufikiwa na habari asizozipenda. Yule mama alikuwa mjamzito. Wito wa Khalifa ukamtia hofu kubwa, na njiani akashikwa na uchungu, akaingia katika nyumba, akazaa. Mtoto alilia mara mbili, kisha akafa. Umar akawataka shauri Maswahaba. Baadhi yao wakamwambia kuwa hana lawama, kwani yeye ni kiongozi na ni mwenye kutia adabu. Ali (r.a.) alikuwa kimya. Alipoulizwa, akasema kuwa ikiwa hiyo ndiyo rai yao basi wamekosea, na ikiwa wamesema ili kumpendeza Khalifa basi hawakumnasihi. Akaeleza kuwa diya iko juu ya Umar, kwa sababu yeye ndiye aliyemtisha, na ni kwa hofu hiyo mtoto alizaliwa. Umar akaikubali rai hiyo, na akamwamuru Ali aigawe diya juu ya Makuraish.

Riwaya hii imetoka kwa Hasan al-Basri. Yeye alizaliwa miaka miwili tu kabla ya kifo cha Umar, hivyo sanad yake imekatika. Pamoja na hayo mafakihi wameitegemea, na madhehebu ya Shafi yamejenga juu yake. Mafunzo yake ni matatu. Hofu peke yake, bila ya mguso, inaweza kuwa sababu ya madhara yenye dhamana. Cheo cha aliyesababisha hakimwondolei dhamana. Na mzigo haukubaki kwa mtu mmoja, ulibebwa na kundi.

MAFAKIHI WALIVYOLIPANGA SUALA HILI

Ibn Qudama anataja mtu anayemwelekezea mwenzake upanga usoni, au anayemning'iniza kutoka mahali pa juu. Aliyetishwa akifa kwa fadhaa hiyo au akapoteza akili, diya inawajibika. Vilevile aliyempigia mtoto ukelele mkali akarukwa na akili. Kwa upande wa Shafi, Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277) anazungumzia mambo ya namna hii katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa Afrika Mashariki wamekisomesha vizazi kwa vizazi.

Lakini mafakihi hawakuacha mlango wazi kwa kila dai. Waliweka mipaka na njia za kuthibitisha:

Kwanza, lazima sababu ithibiti. Ukelele mdogo kwa mtu mzima mwenye nguvu si sawa na ukelele kwa mtoto, kwa sababu kwa kawaida mtu mzima hadhuriki nao.

Pili, anayedai kupoteza akili huchunguzwa katika nyakati ambazo hajui kuwa anatazamwa. Ikionekana kuwa maneno na matendo yake hayana mpangilio hata akiwa peke yake, hupewa haki yake bila ya kuapishwa. Hekima yake iko wazi: utamwapishaje mtu ambaye dai lenyewe ni kuwa hana akili?

Tatu, ikiwa wajuzi wa tiba wanatarajia akili itarejea, husubiriwa kwa muda watakaoukadiria.

Nne, ikipotea sehemu tu, hulipwa kwa kiasi chake. Anayerukwa siku moja na kupata fahamu siku ya pili ana nusu. Isipowezekana kupima, kadhi hukadiria, na makadirio hayo huitwa hukuma.

Msomaji anayejua taratibu za fidia za leo ataona jinsi mambo haya yanavyofanana nazo: uchunguzi wa daktari, ulemavu wa muda, ulemavu wa kudumu, na asilimia ya ulemavu. Wala tusichanganye: huzuni na msongo wa mawazo si sawa na kuondokewa na akili yote. Hata hivyo mlango wa hukuma umewekwa kwa ajili ya madhara yaliyo chini ya kipimo kamili.

WENGINE WALIFIKA LINI?

Sheria za kazi tulizorithi Tanganyika zilitoka Uingereza, hivyo inafaa tuangalie Waingereza walilionaje jambo hili.

Mwaka 1886, karibu na Melbourne huko Australia, mlinzi wa kizuizi cha reli aliwafungulia njia mtu na mkewe waliokuwa katika gari la farasi, hali treni inakuja. Treni iliwapita karibu bila ya kuwagusa. Yule mama, aliyekuwa mjamzito, alizimia kwa hofu na mimba ikaharibika. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Coultas, ilifika kwenye Baraza la Rufaa la himaya huko London. Mwaka 1888 baraza lile likaamua kuwa madhara yatokanayo na hofu tu, bila ya mguso, yako mbali mno kulipwa. Angalia, ndugu msomaji: mama mjamzito, hofu, na mimba. Ni mas'ala ile ile iliyofika mbele ya Umar na Ali zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, na majaji wa London wakatoa jibu lililo kinyume.

Mwaka 1901, katika kesi ya Dulieu, mahakama ya Uingereza ilianza kugeuka. Huyu naye alikuwa mama mjamzito, aliyeshtushwa na gari la farasi lililoingia ndani ya nyumba alimokuwa akihudumia. Kisha mwaka 1910 ikaja kesi ya Yates. Huyu alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe aliyemkimbilia mwenzake aliyeumia vibaya mgodini na kufa, naye akapatwa na mshtuko uliomfanya ashindwe kazi. Mahakama ya Rufaa ikaamua kuwa mshtuko huo ni jeraha la kazini kwa mujibu wa sheria ya fidia, ijapokuwa mwili wake haukuguswa.

Katika Tanganyika, sheria ya fidia kwa wafanyakazi iliwekwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940, na ikajulikana kama Sura ya 263. Ilidumu hadi viwango vyake vikapitwa kabisa na wakati. Mwaka 2008 Bunge likatunga sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20. Katika orodha ya sheria za mwaka huo, inayofuata, Namba 21, ni Sheria ya Afya ya Akili. Mwenye kuumia akili kazini anazihitaji zote mbili, zikae pamoja akilini mwetu kama zilivyokaa pamoja katika orodha. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa herufi WCF, ulianza kazi Julai 2015. Unawahusu waajiri wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara. Mchango hulipwa na mwajiri, na mfanyakazi hakatwi chochote. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, utengamao, malipo ya anayemhudumia mgonjwa, msaada wa mazishi na malipo ya wategemezi.

Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani lilipoirekebisha orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, liliingiza maradhi ya akili na tabia, na likataja kwa jina ugonjwa unaofuata baada ya mtu kupatwa na tukio la kutisha. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeajiriwa, ambaye ajali ya kazini imemwachia kiwewe, asijizuie kudai kwa kudhani kuwa fidia ni ya waliovunjika mifupa tu.

JE, MWAJIRI ANAWAJIBIKA BILA YA KOSA?

Mwanafunzi wa fiqhi atauliza, na ni haki yake: imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa machimbo hayana dhamana. Ukimwajiri mtu akuchimbie, akaangukiwa bila ya kosa lako, huna diya. Vipi basi tuseme mwajiri alipe?

Jawabu lina sehemu mbili. Ya kwanza: hadithi hiyo inamhusu asiye na kosa. Ama mwenye kuzembea au kuvuka mpaka, kama vile kuwalazimisha watu waingie ziwani hali upepo umeshaonekana, au kuwapakia katika chombo kibovu, huyo hana kinga katika hadithi hii.

Ya pili: malipo ya Mfuko si diya. Ni haki iliyowekwa na mamlaka kwa maslaha ya watu, na kila anayeajiri anaingia katika ajira hali anaijua. Waislamu wamefundishwa kusimama juu ya masharti yao. Fiqhi ya diya tumeileta ili ituhukumie jambo moja: kuwa kuumia akili ni kuumia.

Ama shaka ya bima, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwezi Desemba 1985. Likaharamisha bima ya biashara, na likaelekeza kwenye ile ya kusaidiana. Mfuko uliowekwa kwa sheria, usiotafuta faida kwa mfanyakazi, uko karibu zaidi na mlango huu wa pili. Kwa rai ya mwandishi, mfanyakazi anayepokea fao lake anapokea haki yake.

'AQILA: KUTOKA UKOO HADI KAZI

Hapa historia inatufundisha jambo kubwa. Katika mkataba wa Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaacha Muhajirina wa Kikuraish na kila ukoo wa Ansari washirikiane kulipa diya zao. Ulikuwa ni ukoo. Umar alipoanzisha diwani, yaani daftari la askari, aliwafanya waliomo katika daftari moja wabebeane diya, japo si wa nasaba moja. Mafakihi wa Hanafi wakaifuata njia hiyo. Al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593 H/1197) ananukuu katika al-Hidaya kuwa ikiwa watu wa zama fulani wanasaidiana kwa kazi zao, basi 'aqila yao ni watu wa kazi hiyo. Shafi wamebaki kuwa 'aqila ni jamaa wa upande wa baba, na rai yao ina heshima yake. Lakini maana waliyoitafuta Hanafi inaeleweka: mzigo unamwelemea mmoja, kwa hiyo ubebwe na wale ambao kwa kweli wanasaidiana.

Mfuko wa fidia umejengwa juu ya fikra iliyo karibu na hii. Waajiri wengi wanachangia kidogo kidogo, ili aliyeumia asitegemee mfuko wa mtu mmoja.

TURUDI ZIWANI

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika wilaya ya Ukerewe, ambayo kwa wengi wanaotoka Bunda njia yake ni kivuko cha Kisorya na Rugezi. Walikufa zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Waliofika mwanzo kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na wao na waokoaji waliofuata walitoa maiti za wanaume, wanawake na watoto.

Tuliwaombea waliokufa, na tukawahani wafiwa. Je, tuliwauliza wale waliotoa maiti kama wanalala?

Mwenye kuajiriwa na serikali au kampuni ana mwajiri anayechangia Mfuko, naye ana mlango wa kubisha. Lakini mvuvi wetu wa dagaa analipwa kwa mgao wa samaki, mara nyingi bila ya mkataba wa maandishi, na jina lake halimo katika orodha ya mchango wowote. Yeye hana 'aqila ya sheria. Basi 'aqila yake ni nani kama si watu wa mwalo wake?

IMANI NA MARADHI

Wapo wanaosema kuwa mwenye imani hapatwi na mambo haya. Kauli hii inapingana na Qur'an. Nabii Ya'aqub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe (12:84). Moyo wa mama yake Musa ulibaki mtupu kwa hofu ya mwanawe, na lau si Allah kuutia nguvu angelikaribia kuidhihirisha siri (28:10). Hakuna aliyewatuhumu upungufu wa imani. Abu Zayd al-Balkhi (aliyefariki mwaka 322 H/934) aliandika kitabu kizima kinachogawanya tiba ya mwili na tiba ya nafsi. Na bimaristani ya Mansuri, iliyojengwa Cairo mwaka 683 H (1284), ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili ndani ya hospitali ile ile ya wagonjwa wengine.

Ruqya ni sunna na tusiiache. Lakini Mtume (s.a.w.) ameamrisha pia tutafute dawa, na mwenye kusoma ruqya hazuiwi kumpeleka mgonjwa Bunda au Musoma kwa daktari. Vilevile imepokewa na Abu Dawud kuwa Maswahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, mwenzake akaichukua kamba yake, naye akashtuka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa si halali Muislamu kumtia hofu Muislamu. Ikiwa mzaha wa kamba umekatazwa, nini hali ya tajiri anayewatisha vijana wake kwamba asiyeingia ziwani usiku wa upepo hana kazi kesho?

TUFANYE NINI?

Imamu akiletewa mtu wa namna hii baada ya swala, asianze kwa kuuliza amekosa nini. Aulize: ulikuwa kazini? Ilitokea lini? Nani alishuhudia? Kama ameajiriwa, amhimize amjulishe mwajiri mapema na apate maandishi ya daktari, kwani dai lisilo na ushahidi hupotea, na ndivyo mafakihi walivyotufundisha. Kama ni mvuvi wa mgao, imamu awakutanishe matajiri wa mitumbwi na viongozi wa BMU. Waweke sehemu ndogo ya kila mapato iwe amana ya walioumia, na waandike wazi kuwa aliyeumia akili ni miongoni mwao. Na tajiri Muislamu ajue kuwa, kabla ya sheria yoyote, anaye Mola atakayemuuliza juu ya aliyekuwa chini ya mkono wake.

Sayyidna Umar alikuwa Amirul-Muuminina, na hakumgusa yule mama hata kwa kidole. Aliambiwa hofu aliyoisababisha ina dhamana, akakubali, na diya ikagawanywa. Sisi hatuna ukhalifa. Tuna msikiti, tuna mwalo, na tuna jirani asiyelala usiku. Basi tuanze naye.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.